Dorotea, Mshikia Darasa

Mwezi wa Desemba usiniulize habari za siasa, mpira wala ndoa za watu. Desemba mimi ni sare za shule. Shule zikifungwa tu, kibanda changu cha cherehani hapa Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga, kinajaa vitambaa vya bluu, vya kijani na vya damu ya mzee, na wazazi wanaosukuma watoto mbele yangu wakisema, mshonee kubwa kidogo, huyu anakua haraka. Nawashonea kubwa kweli kweli. Mtoto anaivaa sare ile miaka na miaka, mama yake ananisifu kanisani, na mimi nakosa mteja. Najiharibia biashara kwa mkasi wangu mwenyewe, lakini kushona vibaya sijui.

Jina langu Justa, ila leo si zamu yangu. Leo nataka niwaeleze habari za Dorotea Mayala, mpangaji wa chumba cha nyuma ya kibanda changu, kwa sababu watu wa mtaa huu wanaisimulia vibaya na wanaongeza chumvi pasipohitaji chumvi.

Dorotea ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Magu. Cheti anacho, tena cha maksi nzuri, kimefungwa kwenye nailoni kisije kikalowa. Alichokosa ni darasa. Serikali ikitangaza nafasi, anaomba mtandaoni pamoja na nusu ya nchi. Majina yakitoka, anayasoma kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu, maana huwezi jua. Shule binafsi zinataka digrii, na wenye digrii wamejaa tele. Wakati fulani shule moja ya jirani ilibandika tangazo getini kwamba inatafuta mwalimu wa muhula mmoja tu. Asubuhi yake foleni ilianzia getini ikafika kwa muuza chipsi. Nyuma ya Dorotea alisimama kijana mmoja, Obedi, mwenye digrii ya hesabu, amekuja kuomba kuwafundisha watoto kuhesabu vijiti. Walisimama juani pale mpaka wakawa marafiki. Hakuna aliyepata kati yao.

Basi Dorotea, ambaye kwa upole wake unaweza kudhani mji umemshinda, akaona jambo ambalo wenzake wote wa foleni hawakuliona. Walimu wanawake wanazaa. Mwalimu akienda likizo ya uzazi, darasa lake halimsubiri, lazima mtu alishikie. Na mwalimu mkuu, kabla hajabandika tangazo lolote, humwuliza kwanza yule anayeondoka: unamjua mtu wa kukushikia? Hapo ndipo kazi ilipo. Ikifika kwenye tangazo la getini, ujue imeshachacha.

Na huyo anayeondoka hamtafuti aliye hodari kuliko wote. Anamtafuta hodari asiye na tamaa. Yamewakuta wengi: mtu anakwenda kujifungua, anarudi na maziwa yanavuja kifuani, anamkuta aliyemshikia ameshazoeleka, watoto wanamwimba yeye, na mwenye shule anamtazama mwenye darasa kama mgeni aliyekosea mlango. Dorotea amekwisha kushikia madarasa mengi, la Sabina wa Igoma, la Rose wa Mkolani, na mengine siyakumbuki. Yote ameyarudisha. Siku mwenyewe anaporejea, Dorotea humkabidhi watoto mmoja mmoja, huyu siku hizi anasoma, huyu bado anamuogopa chura, kisha anachukua mkoba wake na kuondoka. Akifika nyumbani analia kidogo, ananawa, anaanza kutafuta mwingine.

Tatizo ni kwamba mimba haisemwi. Huwezi kumwendea mwanamke ukamwambia, hongera, naona una ujauzito, naomba darasa lako. Atakuona mchawi. Kwetu mimba inajitangaza yenyewe, na hata ikishajitangaza watu hutazama pembeni wakaongea habari za mvua. Lakini Dorotea akisubiri tumbo lionekane na kila mtu, wenzake wameshafika. Inabidi ajue mapema, na inabidi aombe bila kuomba.

Kwenye kujua mapema ndipo ninapoingia mimi. Walimu wa upande huu wote wananiletea nguo, na mwanamke huleta gauni lipanuliwe kabla hajamwambia hata mama mkwe wake. Sasa mnielewe vizuri: siri ya mteja mimi siitoi. Sijawahi kumwambia Dorotea neno hata moja. Nikimaliza kulipanua gauni la mwalimu nalitundika kwenye msumari wa mbele, likiwa na kikaratasi cha jina na shule ya mwenyewe kama nguo ya kila mteja, basi. Dorotea akipita jioni analitazama, ananiuliza hali ya mgongo wangu, anaingia ndani. Kama kuna sheria niliyoivunja, nionyeshwe.

Kuomba bila kuomba ni kazi yake mwenyewe. Anakwenda sokoni kwa wale wamama wanaouza udongo wa kula, vile vipande vya kijivu ambavyo wajawazito hutafuna mchana kutwa. Anafunga vichache kwenye gazeti, anamtembelea mwalimu nyumbani kwake, wanaongea habari za watoto wa darasa, nani mtundu, nani haoni ubaoni. Akiaga anaacha kifurushi mezani. Hasemi kina nini, na mwenye nyumba haulizi. Mkono mtupu haulambwi, wazee walisema. Mwalimu akikifungua anaelewa mambo mawili: kwamba huyu amejua, na kwamba huyu anaweza kunyamaza. Hazipiti siku nyingi simu inaita.

Njia hiyo ilimlisha na kumvisha vizuri tu. Lakini mwaka uliopita ilikauka. Sijui walimu wa Mwanza waliambizana nini, karibu wote waligoma kuzaa. Wachache waliozaa walikuwa na wadogo zao nyumbani, nao wana vyeti, nao wamekaa bure. Dorotea alimaliza mwaka mzima hajagusa chaki.

Ndipo akaja kaka yake, Mashimba, kutoka Magu. Mashimba ana mashine ya kukoboa mpunga na duka la mchele kando ya barabara kuu. Ni mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, hata akikusalimia unageuka kuangalia kama kuna hatari. Alishusha gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akakaa kwenye benchi langu bila kukaribishwa, na kumwambia mdogo wake kwamba amechoka kusikia habari za majina yasiyotoka. Dukani anahitaji mtu anayemwamini. Siku shule zitakapofunguliwa Januari, kama Dorotea hana darasa, yeye atakuja na gari kumchukua yeye na vitu vyake.

"Sawa, kaka," Dorotea akajibu.

Mashimba si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Angekuwa mbaya ningemfukuza na mkasi. Alipoondoka nikamwambia Dorotea amekubali upesi mno. Akasema hauchukii mchele, mchele umemsomesha. Kisha akaniambia kile kilichokuwa kinamkaba, akiwa ameshika kitasa cha mlango, hanitazami.

"Da Justa, nikienda Magu ualimu umekwisha. Hapa hata nikiwa sina darasa, mimi ni mwalimu ninayetafuta. Kule nitakuwa muuza mchele aliyewahi kusoma ualimu."

Nikakanyaga cherehani kwa nguvu, nikavunja sindano.

Wiki moja kabla ya Krismasi, Mungu si Athumani, akaingia Madam Hellen. Huyu ni Mhaya, mrefu, mwenye shingo ya kuvalia shanga, anafundisha darasa la kwanza katika shule ya Mama Jasuben kule Nyegezi. Alikuwa amehamia Mwanza na mumewe si zamani sana, na kwangu alikuwa mgeni. Akafungua mfuko, akatoa magauni matatu. Yanabana kiunoni na kifuani, akasema, niyapanue yote, na niache akiba ndani. Hakucheka wala hakupiga soga. Alilipa, akaondoka.

Nilisukuma sare za watu pembeni, nikayapanua magauni yale siku ile ile. Nikayatundika yote matatu kwenye msumari wa mbele, moja juu ya jingine, mpaka msumari ukapinda.

Dorotea alipita jioni. Aliyatazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akaniuliza hali ya mgongo wangu, nikamjibu. Akaniuliza tena.

Jumapili baada ya misa akaenda Nyegezi. Yaliyotokea huko nilihadithiwa na yeye mwenyewe, na baadaye na Hellen, na maelezo yao yanalingana. Alipokewa vizuri. Mume wa Hellen, Alexander, ambaye ni karani wa tiketi za mabasi pale stendi, alikuwa nyumbani kwa mapumziko. Wakamwekea chai na bakuli la senene, wale panzi wa kukaanga, maana ndio ulikuwa msimu wao na Mhaya hawezi kula senene peke yake mgeni akiwapo. Mazungumzo yakanoga. Hellen akasimulia watoto wake wa darasa la kwanza mpaka akasahau chai. Dorotea aliniambia kwamba kufika hapo alishaanza kulipenda darasa lile, alishaliona. Akaaga, akaweka kifurushi chake mezani.

Hellen alikuwa ametoka kwenda kumfungia mgeni senene wa njiani. Alexander, mwanaume wa watu, akadhani ni karanga. Akafungua gazeti pale pale.

Hellen aliporudi alimkuta mumewe ameshika kipande cha udongo mkononi, hajui akiweke wapi.

"Madam," Hellen akamwuliza Dorotea, "hiki umemletea nani?"

"Nimekuletea wewe, dada."

"Mimi sina mtoto. Tangu niolewe sijapata mtoto, na kutafuta nimeshaacha. Nimenenepa tu."

Hakupandisha sauti. Aliiweka mezani ile pakiti ya senene, polepole, akaingia chumbani na kufunga mlango. Dorotea alisimama pale akitamani sakafu ipasuke. Alexander akamsindikiza mpaka barabarani, na njiani, kwa wema ambao ulimuumiza Dorotea kuliko matusi, akamwambia anajua hakukusudia, ila tafadhali asirudi tena pale nyumbani.

Dorotea alinisimulia hayo amesimama mlangoni pangu, bado na viatu vyake vya kanisani. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia Alexander kwa kufungua asichopewa. Nilimkasirikia Hellen kwa kunenepa bila taarifa. Nilikasirikia msumari, nikaung'oa kwa koleo. Nilipomaliza wote wa kuwakasirikia nikabaki mimi, fundi niliyeona kiuno kimebana nikajifanya mkunga. Nikakaa chini, nikalia pamoja naye.

Krismasi ile tulikula sato mkubwa wa kukaanga, na hakuna aliyesikia ladha. Dorotea akaanza kufunga vitabu vyake kwenye boksi. Kila jioni alifunga vichache, kama mtu anayengoja aambiwe aache. Obedi, yule wa digrii, alipiga simu kumtakia heri ya mwaka mpya, akasema amepata kazi ya kuhesabu mifuko ya saruji kwenye ghala. Walicheka wote kwenye simu, na Dorotea alipokata akaendelea kufunga boksi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kufungua shule, kibanda changu kilikuwa vurugu tupu. Wazazi wamejazana, kila mmoja anataka sketi yake, mtoto wa mmoja amevaa kaptula ya mwingine. Nikainua macho, nikamwona Madam Hellen amesimama nje na mumewe. Nikajua amekuja kudai haki yake mbele ya watu, na haki anayo. Lakini aliketi kwenye benchi, akangoja. Wateja wakaingia na kutoka, yeye anangoja. Mtu wa mwisho alipoondoka na sketi yake, akasogea mezani.

"Fundi, yule mwalimu aliyesema anakaa kwako, yuko wapi?"

Nikamwambia kabla hujamfikia yeye, maliza na mimi kwanza, magauni niliyatundika mimi. Akaniuliza magauni gani. Nikagundua hakujua lolote kuhusu msumari, na hapo ningeweza kunyamaza, lakini maneno yalishatoka, nikayamwaga yote. Alexander alianza kucheka katikati ya maelezo yangu. Hellen alimtazama kwa jicho kali, kisha na yeye midomo ikaanza kumchezacheza.

Akanieleza. Siku ile Dorotea alipoondoka, alikataa kula na kukataa kusemeshwa. Kile kifurushi kilibaki pale pale mezani, kwa sababu Alexander aliogopa kukitupa na aliogopa kukiacha. Asubuhi Hellen akawa anafagia, akakiinua akitupe. Akasikia harufu yake, ile harufu ya vumbi mvua inapoanza. Akamega kidogo. Alexander alipotoka bafuni alimkuta mkewe amesimama na ufagio kwapani, amemaliza udongo wote, anafuta midomo. Akamtuma sokoni amletee zaidi.

"Nikamwambia mke wangu, sokoni siendi," Alexander akaingilia. "Tunakwenda hospitali."

Hellen hakutaka. Alishakwenda hospitali mara nyingi maishani mwake, na kila mara alirudi na jibu lile lile, mpaka alipoamua kutowapa tena nafasi ya kumjibu. Mwili wake ulikuwa umevuruga mahesabu ya miezi tangu zamani, hata ulipokaa kimya hakuutilia maanani. Alikwenda ili mumewe anyamaze. Daktari alimlaza, akampaka tumboni yale mafuta ya baridi, akageuza kioo cha mashine, akawaonyesha mtoto. Tena mtoto mwenyewe alikuwa ameshakua, ana kichwa, ana miguu, anajigeuza bila habari na mtu.

Hapo sikuweza kuvumilia. Nilizunguka meza, nikamkumbatia mteja wangu huku futi ya kupimia inaning'inia shingoni, nikamlowesha bega. Mficha uchi hazai, na huyu hata hakuwa na habari ya kuficha. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kana kwamba mimba ni ya kwangu.

Ila Hellen hakuja kukumbatiwa. Daktari alimwambia kwamba kwa umri wake na kwa presha yake, asisimame darasani hata siku moja mpaka atakapojifungua. Shule inafunguliwa Jumatatu. Alikuwa ameshakwenda kwa Mama Jasuben kumwambia, na Mama Jasuben, ambaye ukoo wake umefanya biashara Mwanza tangu enzi za mababu na hafanyi jambo kwa kubahatisha, alimwonyesha rundo la barua za waombaji mezani, wengi wao wenye digrii, akamwambia achague. Hellen akasema amekwisha kuchagua. Mama Jasuben akauliza huyo ana digrii ya wapi. Hellen akasema hana, na akamweleza kisa chote cha udongo. Mama Jasuben, bibi wa wajukuu, alicheka hadi akavua miwani. Lakini alipoivaa tena akasema kucheka ni kucheka na shule ni shule. Aje Jumatatu amwone na watoto. Akimridhisha, abaki mpaka Hellen arudi. Asipomridhisha, saa nne atamwita mwingine kwenye lile rundo.

Tukamwita Dorotea. Alipomwona Hellen alipiga goti moja, akaanza kuomba radhi. Hellen akamwinua, akamshika mkono na kuuweka tumboni kwake, pale pale mbele yetu, jambo ambalo kwetu hatulifanyi. Dorotea alielewa bila kuelezwa. Walikaa kwenye benchi langu mpaka giza linaingia, wakiongea majina ya watoto.

Jumatatu asubuhi Dorotea aliondoka mapema, hajanywa chai. Boksi la vitabu aliliacha barazani limefungwa kamba, kwa sababu kaka yake alikuwa njiani na saa nne ilikuwa bado. Mashimba akafika na Canter yake imechafuka pumba. Nikamsalimu kwa Kisukuma, wangaluka, akaitika, akauliza mzigo ni huu tu? Nikamwambia apande garini twende Nyegezi. Nilikuwa na sketi chache za watoto wa shule ile, ambazo zingeweza kungoja mpaka kesho. Nilifunga kibanda, siku ya kufungua shule, fundi wa sare. Haijawahi kutokea.

Shule ya Mama Jasuben imejengwa ubavuni mwa jabali, na watoto wamelitelezea mpaka limeng'aa. Uwanjani wazazi walikuwa wengi, na kilio cha darasa la kwanza kilisikika tangu getini. Tukajipenyeza mpaka dirishani, Mashimba nyuma yangu ananihemea kisogoni. Miaka yote niliyoishi na Dorotea, sikuwahi kumwona akifundisha.

Watoto walikuwa wamebanana kwenye madawati, wengi mno kwa chumba kile, nusu yao wakilia. Mbele palikuwa na meza ya mwalimu na kiti cha mwalimu. Juu ya kiti, Dorotea alikuwa ametandika kanga aliyopewa na Hellen Jumamosi ile, ameikunja vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa sakafuni, katikati ya wale waliolia kuliko wote, magoti yamefika kidevuni, anamwuliza kila mmoja kwao kuna kuku wangapi na jogoo anaitwaje. Aliyetaja jina la jogoo wake alisahau kulia. Wengine wakanyamaza ili wasikie majogoo wa wenzao. Kikaanza kicheko kwenye kona moja, kikasambaa.

Kitoto kimoja cha kike, jasiri, kikainuka kwenda kukalia kile kiti. Dorotea akakishika mkono.

"Hicho ni cha Madam Hellen," akawaambia wote. "Amekwenda kupumzika, atarudi. Sisi tunamtunzia."

Mashimba akakohoa. Nikageuka, nikaona macho yake yamelowa, na mtu mwenyewe anajifanya ni vumbi. Akaninong'oneza, kwa mnong'ono wake ambao nadhani ulisikika stendi, kwamba huyu hata akimpeleka Magu atayafundisha magunia kusoma. Akaondoka dirishani, akaenda kusimama karibu na gari lake peke yake.

Saa nne ilipokaribia, Mama Jasuben akaja na fimbo yake, sari imefunikwa na sweta. Wazazi wakampisha. Alisimama mlangoni muda mrefu. Dorotea hakumwona, maana alikuwa anachora jogoo ubaoni na watoto wanabishana kuhusu mkia. Alipogeuka na kumwona, chaki ilimdondoka. Akamwamkia.

"Marahaba," Mama Jasuben akaitika. "Tangu asubuhi mbona hukai?"

"Si changu, mama."

"Na kote ulikoshikia, ulikuwa unakaa wapi?"

"Na watoto."

Mama Jasuben akakitazama kile kiti chenye kanga. Akawatazama watoto waliobanana, akawapitia dawati kwa dawati. Nilikuwa nimeshika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili. Akamwita mlinzi, akamwambia akalete kiti kutoka ofisini kwake. Mlinzi akakileta, cha mbao, kizito, kina mto wa kitambaa. Akauliza hiki cha Madam Hellen akitoe nje?

"Cha Hellen kisiguswe," Mama Jasuben akasema. "Hiki ni cha huyu. Watoto hawa ni wengi mno kwa mwalimu mmoja. Hellen akirudi, watafundisha wote wawili."

Mlinzi akakiweka mbele, kando ya kile cha kwanza. Mama Jasuben akamwambia Dorotea apite ofisini mchana kusaini, akageuka na kwenda zake akigonga fimbo, kwa kuwa alikuwa na shule nzima ya kufungua.

Dorotea alibaki amesimama. Alikitazama kiti, akatutazama sisi dirishani, akakitazama tena. Darasa zima lilikuwa linamngoja. Ndipo yule mtoto jasiri, aliyechoka kungoja jogoo amaliziwe mkia, akamvuta sketi.

"Mwalimu, kaa basi."

Dorotea akakaa.